Dhahabu ya Rahma

Jumapili, 5 Januari
Mkate wa kumimina umeungua. Kisa simu. Nilikuwa nasikiliza talaka ya jirani, tamu kuliko mkate.
Jioni nimekwenda mtaa wa Hamriya, dukani kwa shoga yangu Zuwena, muuza vyombo. Kaniita nyuma ya pazia. Ati dhahabu yote aliyomwekea bintiye Rahma kaiuza, kanunua hisa za kampuni ya Kichina inayotengeneza chupa za chai anazouza mwenyewe. Mpwawe kamfanyia kwenye simu. Harusi mwezi ujao, na hisa zinapanda. Atanunua dhahabu mara mbili ya ile.
"Mali ya Mchina mie naijua. Ndiyo inayonilisha."
Nikaona kweli. Na wivu kidogo.

Jumatano, 15 Januari
Zimepanda tena. Zuwena kanunua halwa, tumekula mpaka meno yakauma. Nikamwambia uza sasa, harusi hiyo. Kanicheka. "Wewe kuku wako akitaga unamchinja?"

Jumatatu, 27 Januari
Khalas, yamekwisha.
Hisa zimefungiwa, haziuziki. Mpwawe anasema wakaguzi wameitaka kampuni hesabu zake, haikuzitoa. Na Zuwena hakununua kiwanda. Kanunua karatasi za kampuni ya kisiwa fulani, yenye mkataba tu na kiwanda. Sikufahamu, nikamwambia arudie. Hata aliporudia, roho iliniuma vile vile. Kiwanda kizima, kinafanya kazi. Yeye hana hata tofali lake.
Duka limejaa watu. Chupa za chai zinanunuliwa kama jana. Zuwena halii, anapanga sahani.

Jumamosi, 1 Februari
Rahma hajui. Kwetu sisi bibi harusi anatazamwa mikono kwanza, uso baadaye. Dhahabu ya kwao ndiyo heshima ya mamake. Zuwena hali chakula. Anasema ataomba harusi iahirishwe, ila watu watasema posa imevunjika.
Ulimi umenivimba. Nna habari kubwa kuliko zote za mwaka huu na sina wa kumpa. Sitaki kumpa mtu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimempelekea bangili zangu, za marehemu mama. Zuwena kazishika tu. Mie ndo niliyelia. Mpumbavu mie.

Ijumaa, 14 Februari
Harusi. Rahma kapendeza, hina mpaka kiwikoni. Wifi yangu kamshika mkono, kageuza geuza.
"Hizi bangili mbona kama nazijua?"
"Bangili zote duara, wifi. Hebu kula."
Wakacheka. Rahma hakucheka. Kanitazama mie, kisha mamake.

Jumamosi, 15 Februari
Zuwena kaja alfajiri, bangili kazifunga kwenye kitambaa. Rahma kazivua mwenyewe, kasema zirudi kwa mwenyewe. Kenda kwa mumewe, mtaa wa Ghubra, mikono mitupu. Hakumgombeza mamake. Kamkumbatia tu, akaingia garini.
Tumekunywa chai. Zuwena kasinzia kwenye kiti changu, nikamfunika.
Majirani wamepita mmoja mmoja kuniuliza habari za harusi. Nimewaambia biriani ilikuwa nzuri.