Dawa Nameza, Usiwe na Wasiwasi

Voi, Agosti 1996

Mdogo wangu Athumani,

Kosa la wengi wetu ni kupima ugonjwa kwa maumivu. Kichwa kikiuma tunasema tunaumwa. Kikitulia tumepona, na vidonge vinarudi kabatini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika. Sasa nakusalimu. Hapo Malindi mu hali gani, wewe na wa nyumbani? Mimi nipo, ila nimechoka. Miguu yavimba kila jioni, na vumbi la huku halinipendi.

Kazi bado ni ile. Watafiti wa saikolojia kutoka chuo kikuu wamenichukua, mwalimu mstaafu, niwaulizie watu maswali. Wanataka kujua kwa nini mtu aliyeambiwa ameze dawa ya presha kila siku huiacha. Nimezunguka Mwatate na Miasenyi, na kila mlango jibu ni moja: "Nameza, mwalimu." Mwanzo nilifurahi. Baadaye nikaona hawalijibu swali, wananiheshimu. Mzee mwenye mvi amekuja na kofia na kalamu yake, utamwambia humezi? Kuwatisha nako hakukufaa. Nikieleza habari za kiharusi, wanasikitika, wananimiminia chai, basi.

Juzi, kule Rukanga, nilibadilisha swali. Nilimwuliza mkulima mmoja, Mama Wakesho, "Wiki hii, siku gani ilikuwa ngumu kumeza?"

Akacheka. "Sasa hiyo ndiyo swali. Siku za shamba. Hiyo dawa inanipeleka choo kila saa, na huko kwa shamba nitaenda wapi? Niliacha mwezi uliopita."

"Kliniki uliwaambia?"

"Niwaambie nini, mwalimu? Yule daktari ni rika la mwanangu."

Nikamweleza kwamba huenda wakambadilishia saa ya kumeza, au hata dawa yenyewe, lakini hawawezi kutengeneza wasichokijua. Akasema atakwenda. Kisha akanitazama. "Na wewe, si ulisema uko na presha? Zako umemeza leo?"

"Nimemeza," nikamjibu.

"Haya. Andika hivyo."

Sikuwa nimemeza. Niliporudi chumbani nilivimwaga vidonge mezani nikavihesabu. Vilipaswa kubaki sita. Vilikuwa ishirini na kimoja. Nami ndiye ninayebisha hodi kwa watu kuwauliza. Jana nimekwenda kliniki, nikasema kweli, wakanipima, na nimeanza tena.

Ndipo nikaitoa barua yako ya mwisho. Umeandika, "Kaka, dawa nameza, usiwe na wasiwasi." Marehemu baba alituambia maneno hayohayo, na wiki ile ile tukamkuta uani ameanguka, mdomo umepinda. Ugonjwa wake tumeurithi sote wawili. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya, maana kaka mkubwa akiuliza "Unameza?" mdogo atajibu nini? Wala sina tena nguvu ya kukuhubiria kwa barua, Athumani. Nataka tu nisije nikaitwa kukuzika.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, aliyenifungia zile kashata. Na shangazi yetu, mwambie goti lake nalikumbuka katika dua. Na binti yako anayesomesha Kurani chuoni, asichoke na watoto wa watu.

Usiniandikie kwamba u mzima. Leo, kabla hujaikunja barua hii, mwaga vidonge vyako mezani, uvihesabu, uniandikie vimebaki vingapi.

Kaka yako,
Bakari