Jicho la Babu Anande

Wodini, Moshi

Yeyo, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, mguu umepungua kuvimba, na ng'ombe wamepata majani kwa mvua hizi. Mimi mwili ni mzima. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningelia tu na wewe ungeogopa bila kuelewa. Mdogo wangu Nalepo akusomee taratibu, mkiwa wawili.

Unajua mume wangu Sifael bado anatengeneza tochi pale Kikatiti, na mimi humsaidia kuzijaribu. Tunashusha pazia la kibanda, namulika ukutani, yeye anaangalia mwanga. Nilidhani hizi tochi za LED siri yake ni balbu, kumbe ni kile kibakuli kinachong'aa kinachoizunguka. Kikiwa kirefu na laini kama kioo, mwanga unajikusanya katikati, unafika mbali, pembeni giza. Walinzi wa mashamba wanazipenda hizo. Kikiwa kifupi, kina vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, mwanga unatawanyika mpole, hauumizi macho. Hizo wananunua akina mama wa kukamua ng'ombe.

Mjukuu wako Anande huwa namweka mapajani. Ile tochi kali ikimpitia anafumba macho na kulia. Siku moja nikawasha ya mwanga mpole, nimeishika karibu na shavu langu, akaitazama wazi huku anacheka. Ndipo nikaona jicho lake la kulia linang'aa jeupe kwa ndani, kama la paka. La kushoto halikuwa hivyo.

Nikamwita mama mkwe, Bibi Aikaeli. Akapiga vigelegele. Si unakumbuka mtoto alipewa jina la baba yake mama mkwe, marehemu Babu Anande, aliyezeeka na jicho la kulia jeupe? Akasema mzee amerudi na alama yake. Wakachinja mbuzi, ukoo ukaja kuona. Na mimi, mama, ndiye niliyekuwa nawamulikia, tena kwa fahari. Shemeji akanitania kwamba sasa itabidi nimwamkie mwanangu shikamoo kabla ya kumnyonyesha. Tukacheka. Tangu mavuno mpaka masika tulikuwa tunacheka.

Kisha mlinzi mmoja, Koikai, akaleta tochi yake analalamika mwanga una shimo jeusi katikati, kwamba ameuziwa giza. Sifael akamweleza balbu haijakaa mahali pake ndani ya kibakuli, kwa hiyo mwanga unakwenda pembeni tu. Akasema mwanga haurudi wenyewe, lazima kuna kitu kimeurudisha. Nikamuuliza, "Na ndani ya jicho la mtoto, unarudishwa na nini?"

Akaweka bisibisi mezani. Akafunga kibanda, tukamleta mtoto hapa hospitali.

Daktari wa hapa amesema ni uvimbe, mama. Ni saratani, imekulia ndani ya jicho. Litolewe upesi, na hata hivyo hajui kama haijapita nyuma kuelekea kichwani. Akaniuliza kwa upole kwa nini tumechelewa. Nilishindwa kumweleza habari ya mbuzi.

Bibi Aikaeli alitufuata mpaka huku. Amesema hakuna atakayeng'oa jicho la baba yake, na nikikubali nisikanyage kwake na huyo mtoto. Nilimtazama Sifael aseme neno. Akaondoka kumsindikiza mama yake, na simu yangu hapokei.

Sasa nikwambie ambalo wao hawalijui. Leo asubuhi nimeweka sahihi. Kesho wanalitoa. Nimeomba mpaka maneno yameniishia, nimebaki kumshika tu mguu. Moyo wangu ni mzito, mama, naogopa nimechelewa kuamka, mwanga umeshakwisha. Lakini leo amenyonya vizuri, na jicho la kushoto linanifuata kila ninapokwenda. Nashikilia hilo.

Mungu akitutoa hapa, tutakuja kwako, hatuna pengine. Usilie mbele yake. Na nakuomba umtafutie jina upande wetu, ambalo halina mtu anayelidai. Atakuwa na jicho moja, basi liwe lake mwenyewe.

Msalimie Nalepo, na kaka Simel akirudi na mifugo. Mbaki na amani, mtuombee kesho.

Mwanao akupendaye,
Nice