Acha Kututumia Picha za Chakula

Mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya sare.
Jumapili, tarehe 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Na lile goti lako, linakusumbua bado ukipanda ngazi? Sisi huku wazima. Presha ya Mama imetulia na anakula vizuri. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, tunamtarajia kesho kutwa. Mwanao hajambo, anarefuka tu, viatu vya Januari vimeshambana.

Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini, maana nimekasirika, na hasira yenyewe ina wiki tatu.

Nimechukua kalamu kwa makusudi. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno unalimalizia wewe, na nikipandisha sauti mtandao unakatika ghafla. Ajabu ni kwamba haukatiki kamwe unapozungumza wewe. Karatasi huwezi kuidakia maneno.

Nianze mbali kidogo, usije ukasema nimekuonea. Ulipoondoka miaka miwili iliyopita uliniachia mtoto wa miaka saba, mwenye maneno mengi mpaka jirani akambandika jina la Chiriku. Nilimpokea bila masharti. Wanangu wameshaondoka, wana nyumba zao, nami nilifurahi kusikia tena kelele asubuhi. Mwaka jana ukapiga simu ukasema umeacha kula chochote kinachotokana na mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, hata asali. Nikasema sawa, tumbo ni lako. Hukuishia hapo. Ukataka kuongea na mtoto, ukamwambia naye aache, ili muwe mnakula pamoja. "Mchana ukifungua kopo lako la chakula shuleni, ujue na mimi huku kazini nafungua langu, na ndani mna chakula kama chako." Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliona alivyoishika ile simu kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo hakugusa tone la maziwa. Shemeji yako alimletea aiskrimu aliporudi safari, mtoto akaishika mpaka ikamyeyukia mkononi, akaenda kunawa.

Wewe ukaanza kutuma picha. Zilifika arobaini na moja, bado ninazo zote. Kopo lenye vyumba vitano. Karoti zimekatwa kama nyota. Mkate umeviringishwa na majani ndani kama barua ya siri. Matunda madogo ya buluu ambayo muuza matunda wetu aliniambia ameyaona kwenye pakiti ya juisi tu. Chini yake umeandika, "Dada, hii ni rahisi, dakika kumi." Dakika kumi za nani? Mimi saa moja na nusu asubuhi niwe nimeshakaa kwenye cherehani, nina kola sitini mbele yangu na msimamizi mgongoni.

Basi nikafanya kwa ninachokijua. Nikachemsha maharage, nikamwekea na wali. Mchuzi ukavuja, ukalowesha daftari la hesabu, mwalimu akaniandikia. Nikaweka kabichi, kopo lilipofunguliwa darasa zima likashika pua. Nikaweka viazi vitamu, vikapoa vikawa kama sabuni ya kufulia. Mtoto hakulalamika. Alikuwa anarudi na kopo limeliwa nusu na kusema ameshiba. Mwezi wa pili tangu aanze kula hivyo, mwalimu akaniita: mtoto anasinzia baada ya mapumziko ya mchana.

Hapa nitasema na kosa langu, ili usije ukaniambia najitakasa. Niliogopa. Badala ya kuuliza mtu anayejua, nikanunua kopo la maziwa ya unga, nikalificha nyuma ya ndoo ya mchele, nikawa nachanganya vijiko viwili kwenye viazi vyake vya kuponda. Siku kumi na moja. Nilijiambia kwamba ninamwokoa. Ukweli ni kwamba ndani yangu kulikuwa na raha fulani pia, raha ya kukushinda wewe.

Siku ya kumi na mbili aliingia jikoni kutafuta kamba ya kiatu na akanikuta na kijiko mkononi. Alitazama kijiko, akatazama kopo lake, akasema, "Mama mkubwa, kwa hiyo jana nilimwambia mama uongo."

Kwa sababu siku iliyotangulia ulimpigia ukamuuliza amekula nini, naye akakujibu kwa kujivuna.

Siku tatu hakusema neno ndani ya nyumba hii. Chiriku! Alijifungia mkate mkavu mwenyewe kwenye karatasi na kwenda nao shule. Mama alimbembeleza, wapi. Siku ya nne nilipiga magoti jikoni, mimi niliyekufundisha wewe kufunga viatu, nikamwomba msamaha mtoto wa miaka tisa. Nikalimwaga lile kopo la maziwa mbele yake. Akanisaidia kufuta sakafu. Kisha akaniuliza kama tunaweza kujaribu tena viazi, ila visiwe baridi.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikampeleka zahanati. Muuguzi akampima uzito, akamtoa damu kidogo, akaniuliza anakula nini. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema mtoto anaweza kula hivi na akakua vizuri, mradi anayempikia ajue anachofanya: maharage au dengu kila siku, karanga, mboga za majani, limao juu yake ili mwili upate madini, mafuta ya kutosha maana tumbo la mtoto ni dogo. Halafu akasema kuna vitamini moja ambayo mimea haina, lazima anywe kidonge. Mtoto asipoipata, kwa muda mrefu inaharibu damu na mishipa ya fahamu.

Mdogo wangu, picha arobaini na moja. Nyota za karoti umezikumbuka. Hicho kidonge hukukitaja hata mara moja. Nilikuuliza jioni ile na ukanijibu, "Ah, hicho nakunywa kila siku, nilidhani unajua." Ningejulia wapi? Mimi nashona sare.

Basi nikajifunza, si kwa picha zako. Nilijifunza kwa kuharibu. Maharage sasa nayapika mpaka mchuzi unakauka na kushikana, nayapaka katikati ya mkate na kitunguu kilichokaangwa, hayavuji hata begi likipinduliwa. Dengu nazichemsha, naziponda na viazi na kitunguu saumu, natengeneza viduara, nakaanga Jumapili vya siku tatu. Wali naukaanga na njegere na karoti na kuukamulia ndimu. Parachichi naliponda na ndimu pia, bila hivyo mchana limekuwa jeusi. Siku za haraka ni siagi ya karanga na ndizi ndani ya mkate uliopashwa kwenye kikaango, na hapo ndipo zinapotimia hizo dakika zako kumi. Pembeni korosho chache na chungwa lililomenywa. Usingizi darasani ukaisha. Mwalimu mwenyewe aliniandikia tena, safari hii kushukuru.

Kwa kuwa siwezi kupika vyungu viwili, na mimi nikawa nabeba hicho hicho kazini, ila changu kikubwa na chenye pilipili. Walinisema sana. Mzee Pasi, mpiga pasi wetu, kila mchana alikuwa ananiuliza kama nimeanza kuota pembe. Mimi nikala zangu. Nikaona kwamba alasiri sipigwi tena na ule uzito wa usingizi wa kunifanya nijichome kidole na sindano. Mwezi wa tatu wa utani huo, Mzee Pasi alisogeza kiti. "Hebu nionje hivyo viduara, nijue ninachokicheka." Alionja vinne. Sasa tuko sita tunaopeana zamu ya kuleta sufuria, na wote ni watu wazima wenye meno ya kutafuna nyama.

Nakueleza yote haya ili ujue kwamba nilipofikia siku ile ya picha, sikuwa tena nakubishia. Nilikuwa upande wako. Ndiyo maana imeniuma hivi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa namsuka mwanao, amekaa sakafuni katikati ya magoti yangu, ameshika simu yangu anaangalia picha za watu. Nikahisi kichwa chake kimetulia ghafla. Nikainama. Rafiki yako wa kazini ameweka picha za sherehe, na wewe uko katikati ya meza, umefumba macho kwa utamu, na paja la kuku liko mdomoni. Sahani yako ina mifupa mingine miwili. Usiniambie ulionja.

Mtoto akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Nikafungua mdomo niseme ni ya zamani, na nakiri, ningedanganya mara ya pili. Akaniwahi. "Vifungo hivi nilivichagua mimi."

Ni ile blauzi ya kijani niliyokushonea Januari. Alikaa karakana saa nzima akichambua vifungo kwenye sinia, akachagua vile vyenye mistari, kwa sababu ulimwambia unapenda mistari.

Akairudisha ile simu juu ya kochi, uso chini. Nikaendelea kusuka kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Baada ya kusuka mistari miwili nikamsikia akiuliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo mchana nilikuwa nakula peke yangu?"

Jibu unalo wewe.

Nilikupigia mchana ule, wewe ukacheka! Ulisema ni kipande tu, usingeweza kukataa mbele za watu, na kwamba tangu Desemba umelegeza kidogo kwa sababu kazi ni nyingi. Tangu Desemba. Mtoto alikataa keki ya siku yake ya kuzaliwa Februari kwa ajili yako, na ulimpongeza. Kisha ukaniambia, "Usimwambie, atajisikia vibaya." Nikakujibu ameshaona. Mtandao ukakatika. Jioni, badala ya neno, ikaingia picha ya arobaini na mbili: tango lililokatwa kama ua.

Nilitaka kuirusha ile simu kwenye karo la kuoshea vyombo.

Nikueleze alichofanya mwanao, maana yeye ana adabu kuliko sisi sote. Jumatatu aliniomba yai. Sikuuliza kitu, nikalichemsha. Lilikwenda shule, likarudi na ganda lake. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano jioni aliliweka mezani, akasema, "Mama mkubwa, usinichemshie tena. Nilitaka kujua kama nikilitaka nitalila. Silitaki. Napenda viduara." Mama, aliyekuwa anachambua mboga, akamuuliza kama anafanya hivyo kwa ajili yako. Akatikisa kichwa. "Hapana, bibi. Sasa ni vyangu."

Yai tulimpa paka.

Sasa nisikilize, na usinidakie. Kula kuku wako. Mtu mzima ana haki ya kubadilisha mawazo, na sikuwahi kukuchukia kwa kilicho sahanini mwako. Ninachokukasirikia ni kumfunga mtoto kwa ahadi, kisha wewe ukajifungua kimya kimya na kumwacha yeye na kamba yake, huku ukimpongeza. Na kunitaka mimi nikushikie uongo, mimi ambaye uongo wangu wa vijiko viwili nimeulipia kwa magoti.

Umepiga simu mara nne tangu siku ile, nami mara zote nimekuambia anaoga. Haogi. Amekaa kwenye kiti cha mbele yangu, ananitazama, anatikisa kichwa. Sitakuambia tena anaoga. Ukipiga nitakuambia, "Yupo hapa, hataki," na utayasikia maneno hayo kwa masikio yako.

Kwa hiyo acha picha. Usitume nguo, usitume peremende, usimwombe shemeji yako akusemee. Mwandikie barua kwa mkono wako, kwa jina lake lote, karatasi moja inatosha. Usianze na salamu kama mimi nilivyoanza, wala hali ya hewa. Sentensi ya kwanza iwe, "Nilikula kuku, na nilikuficha." Akishaisoma hiyo, zinazofuata atazisoma. Namjua. Nimelala naye chumba kimoja miaka miwili.

Mama anakusalimu, ingawa amesema nisiandike salamu ndefu. Shemeji yako anakusalimu pia, yeye ana moyo mwepesi kuliko wangu. Mzee Pasi, ambaye hujawahi kumwona, ananiuliza kila siku kama nimeshakuandikia, nisamehe, nilimhadithia. Mwanao nimemuuliza kama ana salamu. Amefikiri, amesema bado.

Mungu akulinde huko uliko, akuponye goti, na akupe ujasiri wa karatasi moja.

Wako akupendaye, na ambaye leo amekasirika kwa sababu hiyo hiyo,

Dada yako.