Asubuhi ya Idd Chuoni

Chuo cha Walimu, Lindi
9 Juni 1955

Ndugu yangu Kibwana,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Songo Mnara, na shemeji Mwahija kifua chake kimetulia. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Najua unangoja habari za mtihani wa Bakary. Ulinikabidhi mwanao mkononi, ukasema mwalimu Klementi ndiye baba yake huku. Kibwana, mwanao hayupo chuoni. Amefukuzwa, wiki ya pili sasa, naye aliniomba nisikuandikie.

Karatasi ya hesabu iliangukia asubuhi ya Idd, saa mbili. Mwezi ulipoandama, wanafunzi saba Waislamu walikubaliana waende kwanza kuswali mjini. Kulipokucha sita waliogopa, wakaingia kwenye mtihani na kanzu zao. Bakary alikwenda peke yake. Alirudi mbio, jasho linamtoka, akakuta mlango umefungwa. Mkuu wa chuo akamwambia kuwa hakuna aliyeomba ruhusa, basi huo ni ukaidi. Bakary akajibu kwa adabu kwamba waliomba, tena kwa maandishi. Mkuu alipekua faili lake, hakuona kitu, akamwongezea kosa la uongo. Wale sita walipoulizwa walitazama chini.

Sasa yuko shamba la mkonge, njia ya Mchinga, anakata majani. Jumapili nilimfuata. Viganja vimechanika hata kikombe cha chai alikishika kwa ncha za vidole. Nilikwenda kumwambia neno, nikarudi nalo.

Neno lenyewe ni hili. Barua ya wale saba Bakary alinipa mimi niifikishe kwa Mkuu, kabla mfungo haujaanza. Waliomba jambo dogo tu: Idd ikiangukia siku ya mtihani, karatasi ianze saa nane mchana. Niliitia ndani ya daftari la mahudhurio. Jina langu lilikuwa limepelekwa juu nipandishwe cheo, nikaogopa kuonekana mtetezi wa watu. Kila siku nilisema kesho. Bakary aliposimama mbele ya Mkuu, mimi nilikuwapo, hatua mbili nyuma yake. Hakunitaja. Alidhani nimeifikisha na Mkuu ameificha, akachelea kuniponza. Nikanyamaza.

Jana nilimwendea Mkuu nikamweleza yote. Alisema orodha ya waliofukuzwa imeshafika Dar es Salaam, na neno hilo nisilirudie kwa mtu. Kisha akanipa mkono wa pongezi. Cheo nimepata.

Siku anaondoka, Bakary alipita kwangu na mkeka wake kwapani kuniaga. Aliniita baba mdogo. Akasema, “Ahsante kwa kutuhangaikia.” Nikaitikia.

Sikuombi radhi, sina uso wa kuiombea. Shemeji mpe salamu zangu, ukiona bado zinapokeleka.

Ni mimi,
Klementi Likwata