Sanduku la Kijani na Sungura Uliyetuachia

Baba,

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke katika nyumba hii ukiwa umebebwa, wewe uliyekuwa hukubali hata kushikwa mkono kwenye ngazi. Tulianza kuandika maneno matamu, kama familia nyingine zinavyofanya kwenye ukurasa huu wa kumbukumbu gazetini. Mama akayasoma, akakunja karatasi, akampa Karani aitafune. "Hayo ni ya watu wasio na donge," alisema. "Andikeni upya."

Kwa wasomaji wasiomjua, Karani ni sungura wako. Ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna karatasi iliyowahi kupita mbele yake bila kushughulikiwa.

Ulijalidi vitabu miaka thelathini na mmoja. Kamusi za walimu zilizochakaa mgongo, albamu za harusi, madaftari ya watu waliotaka yadumu. Ulinusa gundi kabla ya kuitumia kama mpishi anavyonusa maziwa. Na kila kazi uliimalizia kwa uzi mmoja mwekundu, ndani, kwenye kona ya chini, mahali pasipoonekana. Tulipokuuliza ni wa nini, ulijibu, "Wangu tu huo."

Karakana mliianzisha wawili. Wewe ulishika sindano, mwenzako alishika mdomo: alipokea wateja, akapiga soga, akatoa ahadi ambazo wewe ulizitimiza. Ulimwita Swahiba. Nasi tutamwita hivyo hivyo, kwa kuwa anasoma ukurasa huu kila Jumamosi na atajijua.

Ulipolazwa wiki tatu kwa ajili ya mguu, Swahiba alibadilisha kufuli. Ulirudi na magongo yako mawili, ukasimama mlangoni ukijaribu ufunguo. Ukajaribu tena, ukiugeuza upande wa pili, ukidhani kosa ni lako. Akakujibu kupitia dirishani: "Pumzika, mwenzangu. Mikono hiyo inatetemeka." Mikono yako haikuwa ikitetemeka, Baba. Ilianza siku ile.

Miezi minne hukugusa kitabu. Mkwe wako ndiye aliyekuburuta hadi kwa kikundi cha kuokoa sungura, kwenye nyumba ya muuguzi mstaafu iliyojaa vizimba mpaka jikoni. Ulikwenda ukinung'unika. "Nina mjukuu anayenitafunia vitu, sungura wa nini?" Muuguzi akakueleza utaratibu wao: mtu hachagui sungura. Unakaa sakafuni, unanyamaza, unasubiri sungura akuchague. Kwa mguu ule, kukaa tu kulikuchukua robo saa. Lakini ulikaa.

Akaja mmoja wa kijivu, sikio limechanika, akaanza kutafuna pindo la suruali yako. Muuguzi akashangaa. Alisema huyo hakuwahi kumsogelea mtu tangu aokotwe nyuma ya soko, ndani ya sanduku lililofungwa kwa utepe, mvua ikimnyeshea. Sanduku lenyewe walikuwa nalo bado, wakiwekea nyasi kavu. Ukaomba uletewe. Lilikuwa kubwa, la kadibodi iliyovikwa kitambaa cha kijani. Ukapitisha kidole ndani, kwenye kona ya chini, ukaukuta ule uzi mwekundu.

Sanduku la rangi ile ulitengeneza moja tu maishani mwako. Ulimpa Swahiba siku mjukuu wake alipozaliwa, awekee picha za mtoto. Kwa kuwa hakuwahi kushika sindano, hakujua kwamba kazi zako zina sahihi.

Ulirudi nyumbani na sungura na sanduku, na hukumwambia mtu ila Mama. Mama alitaka kumfuata Swahiba saa ile ile, mwiko ukiwa bado mkononi. Ukamzuia. "Mwache. Huyu mnyama ameshapona." Alikutii muda wote ulipokuwa hai.

Mikono yako ilitulia kwa Karani. Ulifunika nyaya zote za nyumba kwa kadibodi asizitafune, kona umezikunja sawasawa utadhani redio inapelekwa maktaba. Ulimsomea gazeti, kisha akalila, na usipomaliza habari za michezo kwa wakati hukuzijua tena. Ukikohoa, alipiga guu chini. Asubuhi ile ya mwisho aliendelea kupiga mpaka Mama akaja kuona kuna nini.

Mazikoni Swahiba alisimama, macho makavu, akasema uliacha kazi kwa hiari yako kwa sababu ya mikono, na kwamba yeye alikubembeleza ubaki. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama alikaa safu ya mbele na hakulia. Alikuwa akiyashika yale maneno moja moja.

Baada ya arobaini yako, alijiunga na kikundi kile cha kuokoa sungura. Kazi yake ni kukagua nyumba za wanaoomba sungura. Miezi miwili iliyopita ikaja fomu ya Swahiba. Alitaka sungura kwa ajili ya mjukuu wake wa miaka tisa, kwani wa kwanza, aliandika, alitoroka. Mama akaomba aikague nyumba hiyo yeye.

Alivaa viatu vyake vizuri. Alikagua nyaya, akakagua madirisha, akakaa, kisha akaweka sanduku la kijani mezani.

"Hili unalifahamu?"

"Masanduku yanafanana, shemeji."

"Tia kidole hapo konani."

Hakutia. Aliyetia ni mtoto. "Babu, si lile la picha zangu hili? Ulisema limeibiwa."

Mama hakupandisha sauti. "Sungura wako hakutoroka, mjukuu wangu. Babu yako alimtupa. Yuko kwangu, mzima." Kisha akaandika kwenye fomu, kwa kalamu yako, neno moja: Hafai. Akaigeuza ili Swahiba asome.

Mtoto hana kosa, na Mama hana ugomvi naye. Kwa hiyo kila Jumamosi saa kumi Swahiba anamleta kwetu amwone Karani. Mlango unafunguliwa, mtoto anaingia, mlango unafungwa. Siku ya kwanza alikaa sakafuni saa nzima, kimya, mpaka Karani akamwendea na kuanza kutafuna utepe wa nywele zake. Swahiba hubaki kwenye ngazi kwa muda wa saa mbili. Siku ile alibisha. "Shemeji, angalau kiti."

Mama akamjibu kupitia dirishani. "Pumzika, shemeji. Miguu hiyo inatetemeka."

Tukiri kwamba tulicheka, Baba. Tulicheka mpaka tukashikana. Mwanao mkubwa ndiye pekee aliyesema labda sasa inatosha. Mama alimtazama mpaka akaenda kuosha vyombo. Ameshaeleza lini mlango utafunguliwa: siku Swahiba atakaposimama mbele ya watu wale wale wa mazikoni na kusema mikono yako ilikuwa mizima, na kwamba yeye ndiye aliyekufungia nje. Ni sentensi mbili tu. Jumamosi nane sasa, hajazisema.

Leo ni Jumamosi tena. Atakuja na gazeti hili, kama kawaida yake, ataketi ngazi ya tatu na kulifungua kwenye ukurasa huu. Akiinua macho ataona, kupitia dirishani, ufunguo wako wa karakana ukining'inia kwenye msumari. Mama ameutundika upande ule makusudi.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkwe wako aliyekuburuta, mjukuu wako anayetafuna vitu, mtoto wa Jumamosi, aliyeomba mwenyewe atajwe, na Karani, atakayepewa ukurasa huu tukishausoma.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na aliye nje hatutamwacha asahau.