Siku Mwalimu Alipokwenda Kuniposea

Mjukuu wangu Yona,

Marahaba, shikamoo yako imefika Mkonze. Sisi wazima. Mvua imenyesha, uwele umesimama vizuri, na dada yako amejifungua binti mwenye sauti ya tarumbeta.

Wewe uliye mwalimu sasa unauliza kama ni kazi ya mwalimu kumsindikiza mwanafunzi wake kwao akamwombee jambo. Ngoja nikusimulie.

Enzi za Mjerumani nilikuwa darasa la juu, kijana mwenye ndevu tayari, yatima. Nilimpenda bibi yako, lakini sikuwa na mzee wa kunisemea. Mwalimu wetu Saburi, mtu wa Tanga, aliniona nimenyong'onyea darasani, akanihoji mpaka nikasema. Jumamosi akavaa kanzu yake nyeupe, tukaenda kwa miguu hadi Chamwino kwa kina bibi yako.

Njia nzima alijifunza Kigogo cha kuposa, maana lugha yetu hakuijua. Tulipoketi mbele ya baba wa bibi yako, maneno yakamchanganyikia, akasema amekuja kujiombea mke yeye mwenyewe.

"Wewe?" mzee akashtuka.

Nikasahau adabu, nikaruka. "Si yeye, baba! Ni mimi!"

Wanawake ndani wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka hadi akafuta machozi.

"Basi kijana anampenda kweli. Lakini wewe mwalimu, umejisumbua hivi kwa nini?"

"Kusoma anajua," Mwalimu akajibu. "Hili ndilo lililomshinda."

Tukala ugali na mlenda, tukarudi na jibu jema.

Nenda na mwanafunzi wako, Yona. Bibi yako anakusalimu, na anasema ukifika huko uzungumze lugha unayoijua.

Babu yako,
Mkonze