Magazini Uliyoiweka Mkobani

Shikamoo, afande Kalisti.

Najua hutaitika, na leo nakusalimia kwa mazoea tu, maana nina hasira na wewe. Mkeo, Mama Fide, amenikataza kuja kuongea peke yangu kaburini, eti watu wa Ifakara watasema yule mwanamke askari wa wanyamapori amerukwa na akili. Basi naandika. Kesho nitaifukia karatasi hii miguuni kwako.

Miezi saba niliamini kwamba nimekuua, afande, na sikumwambia mtu.

Unaikumbuka sheria yako. Kila jioni tukitoka doria, kabla hata ya kuvua buti, tunakaa kwenye lile jiwe la mlangoni pa kituo, tunatoa risasi zote kwenye magazini, springi za ndani zipumzike, na risasi tunazitandaza juu ya gunia. "Springi nayo ina mgongo," ulikuwa unatuambia. "Ukiibebesha mzigo masika nzima, siku ya siku itakuinamia." Asubuhi tunajaza upya, tunagonga magazini jiweni, ko, ko, ko, ili risasi zikae sawa. Wenzetu wa upande wa Malinyi walitucheka sana. Walisema watoto wa Kalisti wanabembeleza springi zilale. Wewe hukujali, na sisi tulikuamini kuliko tulivyomwamini padre.

Halafu masika ile ukaenda likizo Mahenge, ukaniachia sanduku la magazini za akiba. Nne tu. Nilizijaza siku uliyopanda basi na sikuzigusa tena mpaka uliporudi. Hakukuwa na sababu, ulikuwa uvivu. Ukaniuliza, "Umezipumzisha?" Nikasema, "Ndiyo, afande."

Ile asubuhi tulipovuka mto kwa mtumbwi, juu kidogo ya Kivukoni, ulichukua moja ya zile nne ukaipachika kwenye SMG yako. Ukaniuliza tena. Nikajibu ndiyo, upesi mno. Ukacheka. "Binti, uongo wako unasikika mpaka Malinyi." Nikageuka kushika pondo kwa aibu. Nyuma yangu nilisikia chuma kikigongana na chuma, sikutazama.

Unajua kilichofuata, lakini ngoja nikwambie sehemu usiyoijua. Wale watu watatu kwenye matete walikuwa wanamchuna sheshe, yule swala wa bonde letu, jike lenye mimba. Ulipiga moja hewani, kama taratibu inavyotaka. Wawili wakakimbia. Wa tatu akakujia na panga ambalo bado lilikuwa linachuruzika damu ya mnyama. Nilikuona unalenga. Nikasikia ta, risasi haikutoka. Ukakoki, ukavuta, ta. Panga la kwanza liliondoka na vidole vyako, la pili likaingia shingoni. Mimi nilikuwa nimezama kwenye tope hadi magotini. Nilimpiga mbili za kifua akaanguka juu yako, nikamvuta kwa shati, nikampiga kwa kitako cha bunduki. Alikuwa ameshakufa, afande. Niliendelea kumpiga mpaka pasiwe na uso wa mtu kutambua. Ripoti haisemi hivyo, inasema nilijihami. Kila pigo nilikuwa nasema ndiyo afande, ndiyo afande, kwa sababu nilijua ni magazini yangu iliyokuua.

Mwezi huu polisi wameturudishia bunduki yako. Fundi wa silaha amekuja kutoka Morogoro kuikagua, nami nikasimama mlangoni. Akaichomoa magazini, akaiweka mezani. Ina alama nyekundu ubavuni. Rangi ya kucha ya Mama Fide, ile uliyoipaka magazini yako mwenyewe ili tusiibadilishe.

Haikuwa moja ya zile nne. Ulikuwa umeirudisha ile yangu mkobani na kupachika yako uliyoibembeleza miaka yote.

Fundi aliilinganisha springi yako na mpya. Yako ilikuwa fupi. Akasema springi ya chuma kizuri ikibanwa ikatulia haichoki kirahisi, inaweza kukaa hivyo mwaka na zaidi. Kinachoichosha ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila siku ya Mungu. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa magazini, akauliza nani alikuwa anaipigapiga kwenye kitu kigumu, maana umepinda na risasi haipandi sawasawa. Nikatazama lile jiwe pale nje.

Hapo ndipo hasira iliponishika. Nilitaka kukufukua nikutikise mabega. Ningekuwa mwongo mzuri zaidi, ungekuwa hai. Nimeishi na jambo hilo wiki mbili, na hakuna upande ninaougeukia ambao hauumi.

Wenzangu ndio walionisukuma kusema. Tangu ufe wanalaza springi kwa bidii kuliko zamani, wanagonga jiweni kama wanakusomea sala. Jana jioni niliwaambia yote, uongo wangu, uso wa yule mtu, jiwe. Deo, uliyemfundisha kabla yangu, alinizaba kibao mbele ya wote. Alisema namtukana marehemu. Nami nikamrudishia, ngumi ya mdomo, tukagaragazana pale vumbini mpaka akatema jino. Sikuomba msamaha. Niliingia ndani nikafungua sanduku la silaha, nikatoa mkoba wako wenye damu iliyokauka. Hakuna aliyekuwa ametaka kuugusa. Magazini yangu ilikuwa humo, imejaa tangu masika.

Nilisimama ukingoni mwa mto nikapiga thelathini, moja moja, Deo akizihesabu kwa mdomo unaovuja damu. Zote zilitoka. Nikaijaza yako yenye alama nyekundu, nikaipachika. Mbili, halafu ta. Deo aliposikia ule mlio alikaa chini akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na mimi nikakaa naye.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mama Fide kumweleza. Alinisikiliza akichagua mchele, hakunyanyua uso. Mwisho aliuliza kitu kimoja tu, kama ile rangi yake bado inaonekana. Nikamwambia ndiyo, na safari hii ilikuwa kweli.

Jiwe nimelipasua kwa nyundo. Magazini yako nimeikata kwa msumeno, isije ikampata mwingine. Ukinitazama kwa jicho baya huko uliko, tazama tu. Ahadi yangu ni hii: mtu akiniuliza jambo la silaha nitamjibu ukweli wangu kwanza, hata kama ni uvivu, hata kama aliyenifundisha ni wewe. Springi nimeitoa. Nitaifukia pamoja na karatasi hii, karibu na mkono wako wenye vidole.

Ulinifundisha vibaya jambo moja na vizuri mengine yote. Nakupenda, mzee wangu. Sasa pumzika wewe. Springi ziache.

Binti yako wa doria